Weka Mkasi Chini, Shika Kitana

Mbwa wadogo wa manyoya marefu, akina Maltese na Shih Tzu, si wageni tena Njiro wala Sakina, hapa Arusha. Wanapendwa, wanabebwa, halafu manyoya yakisokotana wanakatwa kwa mkasi wa jikoni. Msimamo wangu hauyumbi: fundo la manyoya halianziwi na mkasi.

Tatizo ni ngozi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, tena imelegea. Manyoya yakijisokota huivuta juu, ikasimama kama hema katikati ya fundo. Aliyeshika mkasi haioni. Anadhani anakata manyoya, kumbe amepita na ngozi. Majeraha haya hutokea nyuma ya masikio, makwapani, kinenani na pale mkanda wa shingo unaposugua. Na huko ndiko mafundo yanakopenda kuanzia.

Vifaa ni viwili: brashi ya waya mwembamba na kitana cha chuma. Mlaze mbwa ubavu, gawa manyoya safu kwa safu kuanzia tumboni ukipanda mgongoni, ngozi ionekane kila safu. Ukikuta fundo, libane kwa vidole viwili upande wa ngozi ili mvuto uishie mkononi mwako, kisha anza kuchana nchani na kurudi ndani kidogo kidogo. Lililokaza linyunyizie konflawa na ulipasue kwa vidole. Brashi peke yake inadanganya: juu panang'aa, chini pameganda. Kipimo ni kitana. Kisipoteleza kutoka ngozini hadi nchani, kazi haijaisha.

Fundo likigoma kabisa, pitisha kitana kati yake na ngozi, kiache hapo hapo, kata juu ya kitana kufuata urefu wa manyoya. Kitana kisipopenya, acha. Hapo ni mashine ya kunyolea wanyama, wembe namba 10, unaoacha takriban milimita 1.5, ulazwe bapa juu ya ngozi. Kila dakika chache uguse wembe kwa kifundo cha mkono, kwa sababu unapata moto na kuunguza kimya kimya. Mashine ya kinyozi wa watu haifai: inakwama kwenye manyoya mengi, na fangasi wa mashilingi huhama kati ya mbwa na watu. Kumnyoa mbwa aliyeganda manyoya mwili mzima ni huruma kuliko kumvuta kwa muda wa saa tatu ili abaki na urembo.

Ila wenzetu wa Moshi, msimnyoe Pomeranian kipara kwa kisingizio cha joto. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, humkinga na jua, na yakinyolewa yanaweza kurudi kwa mabaka. Kivuli, maji na kitana vinatosha.

Chana kabla ya kuogesha, si baada. Fundo likilowa linakaza zaidi. Mvua zikishaotesha majani, kagua katikati ya vidole kila mnapotoka matembezini, maana mbegu za kishona nguo ndizo mbegu za fundo la kesho. Maji yawe vuguvugu, shampuu iwe ya mbwa, suuza mpaka povu liishe. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai haitaki mbwa aachwe ajikaushe mwenyewe: futa kwa taulo bila kusugua, kisha draya ya moto mdogo, mkono wako ukitangulia kupima joto. Unyevu ukibaki chini ya manyoya, ngozi huota vidonda.

Na dawa ya kuogeshea ng'ombe? Hapana. Kupe ni kero kweli, lakini mbwa wa kilo tatu anasumishwa na kipimo kidogo sana. Dawa yake itoke kwa daktari wa mifugo, kwa uzito wake.

Karibu na macho, mkasi wa ncha butu uelekee kando na jicho, mkono mwingine ukishika kidevu. Kucha zikatwe milimita moja moja. Nyeusi hazionyeshi mshipa, kwa hiyo simama unapoona kitone cheusi katikati ya sehemu iliyokatwa. Damu ikitoka, bana kwa konflawa dakika tano bila kuchungulia.