Msimamizi wa Harusi Chini ya Gari

Stata ya gari langu, yaani mota ndogo inayowasha injini, ilianza kugoma wiki ile ile ambayo binamu yangu alikuwa akioa mjini Morogoro, na kwa kuwa gari hilo lilikuwa limekwisha kuoshwa na kuagiziwa maua, hakuna mwanakamati aliyetaka kusikia habari za kubadilisha usafiri. Nikigeuza ufunguo, ilisikika "ka!" moja tu, kisha kimya. Fundi umeme aliniambia niwashe taa za mbele nijaribu tena: hazikufifia, ilhali betri ikiwa imechoka taa hulegea na mlio huwa "ka-ka-ka-ka" mfululizo. Mita yake ilisoma volti 12.6 kwenye betri, umeme ulifika mpaka kwenye bolti nene ya stata, solenoidi, ile swichi yake ya sumaku, ikafyatuka vizuri, lakini mota haikuzunguka. Akahitimisha kwamba kaboni, vipande vinavyopitisha umeme ndani ya stata, zimelika na hazigusi amecha, sehemu inayozunguka, sawasawa, na kwamba stata ikigongwa kidogo zinashtuka na kugusa. Kaboni mpya zingepatikana Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Tukaazimia kutozima injini. Kanisani mpiga video alilalamika kwamba mngurumo unamharibia sauti, na bwana harusi, mtu mwenye adabu ya kuudhi, akanyoosha mkono na kuzima mwenyewe kabla sijatamka neno.

Ibada ilipokwisha, maharusi wakaketi nyuma, nikageuza ufunguo: "ka!" Kulisukuma kusingesaidia kwa kuwa ni automatiki, kubusti nako kusingesaidia kwa kuwa betri ilikuwa nzima, ingawa wajomba waliokwisha shika nyaya hawakuniamini na sidhani kama wameniamini hadi leo. Nikaweka gia kwenye P, nikavuta breki ya mkono, matairi yakazuiwa kwa mawe, na msimamizi, aliyevaa suti nyeupe ya kuazima, akatandikiwa kanga akaingia chini na spana. Yeye agonge, mimi niwashe.

Matarumbeta hatukuyafikiria. Mpiga ngoma alisikia mapigo ya spana, ko-ko, ko-ko, akadhani anaombwa mdundo, akaudaka, na bendi nzima ikamfuata, hata nikawa sijui kinachogongwa ni stata au ni ngoma. Mashangazi walipoona miguu miwili myeupe ikitikisika chini ya gari, waliamini ni mchezo ulioandaliwa na kamati, wakapiga vigelegele na kwenda kumtunza, noti wakizichomeka kwenye soksi zake. Yeye akapaza sauti, "Washa, kaka, washa!" nao wakaitikia kwa pamoja, "Washa!" Injini ilishika katikati ya kiitikio cha tatu, na bendi haikunyamaza mpaka ukumbini.

Jumatatu fundi aliifungua stata, akanionyesha kaboni zilizobaki vijipande, springi ikikaribia kukwaruza amecha. Fedha za soksini zilitosha kununua mpya, na chenji msimamizi akaipeleka kwa dobi, ambaye aliigeuza ile suti mbele na nyuma, akauliza kwa upole kama mwenyewe amekwisha kupona.