Hotuba ikidorora, tumlaumu nani?

Hotuba ikipooza, lawama zote humwangukia msemaji: hakujiandaa, sauti yake hafifu, hajui kuishika hadhira. Wasikilizaji hatuwaulizi kitu, kana kwamba walikuja na masikio matupu.

Sina ugomvi na maandalizi. Asiyejua anachosema haokolewi na makofi. Lakini hadhira nayo huja na hukumu yake mfukoni, na hukumu hiyo hufanya kazi.

Mwaka 1950 mwanasaikolojia Harold Kelley alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Kabla mwalimu mgeni hajaingia darasani, kila mwanafunzi alipewa maelezo mafupi kumhusu. Maelezo yalilingana kabisa ila mahali pamoja: baadhi walisoma kwamba wanaomjua humwona mkunjufu sana, wengine kwamba humwona mkavu kiasi. Wakaketi chumba kimoja, wakamsikiliza mtu yuleyule. Walioahidiwa mkunjufu walimwona mcheshi na mwenye utu zaidi.

Hilo halishangazi sana. Kinachonikaa kichwani ni hiki: miongoni mwa walioahidiwa mkunjufu, asilimia 56 walichangia mjadala, miongoni mwa wenzao, asilimia 32 tu. Hapo hatuzungumzii tena maoni ya moyoni, tunazungumzia vinywa vilivyofunguka na vilivyofungwa. Aliyenyamaza hakuuliza, na asiyeuliza hafafanuliwi, kwa hiyo ataondoka na picha ileile aliyokuja nayo, akiamini ameithibitisha kwa macho yake. Sasa chukua ukumbi ambao wote waliomo wameahidiwa mtu mkavu. Huyo msemaji atajibu maswali ya nani?

Na ukimya humrudia msemaji mwenyewe. Mwaka 2000 mtafiti wa mazungumzo Janet Bavelas na wenzake walionyesha kwamba mtu akisimulia kisa kwa msikilizaji ambaye akili yake imeshughulishwa na kuhesabu maneno yanayoanza na herufi fulani, kisa huharibika, hasa mwishoni: msimulizi hukata ghafla, hurudia, huanza kujitetea. Anayesikia simulizi hiyo pekee angesema jamaa hajui kusimulia.

Wanaopinga kwamba matarajio yana nguvu hivyo wana hoja nzito. Wanasaikolojia Lee Jussim na Kent Harber, walipopitia mwaka 2005 tafiti za miaka 35 kuhusu matarajio ya walimu kwa wanafunzi, waliona kwamba athari ipo ila kwa kawaida ni ndogo, na kwamba mara nyingi matarajio ya walimu hutimia kwa kuwa wamewapima wanafunzi sawasawa. Nakubali. Lakini mwalimu humjua mwanafunzi wake kwa miezi. Hadhira humpokea mgeni kwa sentensi mbili za mshereheshaji. Na mshereheshaji anayesema “tumvumilie, hajazoea kuzungumza” hudhani anamfanyia hisani, wakati ndiye aliyewagawia watu kipimo cha kumpimia hata kabla hajashika kipaza sauti.