Baba Mdogo, Enka Haivutwi

Jumapili iliyopita tulikuwa Kibosho kwenye kipaimara cha mdogo wangu. Baba mdogo akaniuliza mbele ya wageni nasoma nini siku hizi. Nikamwambia niko mwaka wa tatu, tiba ya viungo, na nikimaliza nataka kuingia upande wa wanamichezo. Akaweka sahani chini. "Miaka minne chuoni, ada yote hiyo, uje kuchua watu misuli?" Meza nzima ikacheka. Nilinyamaza, ni mkubwa wangu. Ila usingizi haukuja, na leo naandika nikijua atasoma.

Baba mdogo, nikusimulie mechi moja ya ndondo pale Pasua, Moshi. Uwanja wa vumbi, watu wamejaa mpaka kwenye mstari. Winga wa miaka 17 aliruka kugombea mpira wa kichwa, akatua juu ya mguu wa beki, enka ikapinda kwa ndani. Mchua misuli wa timu yake akaja mbio na ndoo. Akammwagia maji ya barafu, akashika kisigino kwa mikono miwili, akavuta. "Vumilia, wewe mwanaume." Kijana akauma kola ya jezi. Akachuliwa, akafungwa bandeji, akarudishwa. Alicheza kama dakika kumi akichechemea, mipira inampita hivihivi. Kesho yake eksirei ikaonyesha mfupa mwembamba wa nje umevunjika, juu kidogo ya enka.

Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya goli. Sikuingia. Linaniuma mpaka leo.

Kipimo kilichotakiwa pale hakihitaji mashine yoyote. Kilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, kikachapishwa 1992, na sasa kinafundishwa dunia nzima. Unabonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa kila kifundo, yale manundu mawili ya mfupa pande za enka, kuanzia nchani, ukipanda kama sentimita 6. Unautafuta mfupa wenyewe, kwa sababu nyama iliyovimba mbele yake itauma kwa vyovyote. Unabonyeza pia mifupa miwili ya katikati ya mguu, wa upande wa nje na wa upande wa ndani. Kisha unamwomba asimame atembee hatua 4. Mfupa ukiuma, au hatua zikamshinda, anatolewa na kupelekwa kupigwa picha. Dakika mbili zimetosha. Lakini ili kidole changu kijue mfupa unaishia wapi na ligamenti inaanzia wapi, nimebonyeza enka za wenzangu muhula mzima, mpaka nazijua hata gizani. Ada ndiyo iliyokwenda huko.

Na kubonyeza ni nusu tu ya kazi. Timu iko nyuma bao 1, mashabiki wanapiga kelele, kocha amekukazia macho, na wewe unatakiwa umwambie: huyu harudi. Mchua misuli anayepewa nauli na kocha huyohuyo atalisemaje hilo? Mimi nataka kuwa mtu anayeweza kulisema na likasikilizwa. Marekani walioisomea kazi hii ya kuhudumia wanamichezo wana chama chao tangu 1950, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa huko kikaitambua kuwa taaluma ya afya. Sisi bado tunaiita kuchua.

Yule mchua misuli wa Pasua simlaumu sana. Hela ya barafu inatoka mfukoni mwake, na anajua nani ana goti bovu kabla hajavaa njumu. Kuchua nako kuna faida yake, msuli uliochoka unalegea, nakubali. Lakini paja lililopigwa goti sasa hivi linavuja damu kwa ndani. Ukilichua unaongeza kuvuja, na wakati mwingine mfupa unaota katikati ya nyama.

Mtanitajia Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni. Nami nampenda. Olimpiki ya Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima, na uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake. Mtoto wa miaka 17 anaamuliwa na benchi, halafu tunamsifu kwa uvumilivu ambao hakuuchagua.

Hapo sijagusa Kilimanjaro Marathon inayotujia Moshi kila mwaka. Mkimbiaji aliyezidiwa na joto anapozwa hapohapo kwanza, ndipo anasafirishwa. Na yuko mwingine anayeanguka kwa sababu amekunywa maji kupita kiasi, huyo ukimwongezea maji unamuua. Arusha nao wana uwanja wa watu 30,000 pale Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027. AFCON itaisha, uwanja utabaki, na watoto wetu watacheza humo. Atakayewakimbilia na mkoba awe amesoma.

Winga wetu alitolewa plasta mwezi uliopita. Mwalimu wangu wa kliniki alimpangia mazoezi, mimi naenda kwao kila Alhamisi jioni kuyasimamia. Siku ya kwanza mama yake aliniuliza mwanangu atacheza lini. Nikamwambia, mama, tuanze na kusimama. Anasimama mlangoni kwa mguu ule mmoja, vidole viwili vimegusa fremu, vidole vya mguu vinacheza kutafuta sakafu, mimi nahesabu. Wiki ya kwanza alifika 4. Alhamisi hii alifika 22, akaachia mlango.