Merzouga si safari ya siku moja
Eti maharusi mkitoka Marrakech asubuhi, jioni mnatazama machweo Merzouga, kijiji cha jangwani Morocco, mmeshikana mikono. Labda kwenye ramani! Ni kilomita zaidi ya 550, na barabara inapanda mlima kwenye njia ya Tizi n'Tichka, mita 2,260, kona juu ya kona. Mke wangu alitapika mara mbili kabla hatujauona mji wa Ouarzazate. Tulifika gizani. Ilikuwa Januari, na jangwa lile usiku lina baridi ya kung'ata: tulilala na makoti chini ya mablanketi manne, mahaba yakasubiri. Ila alfajiri, chai ya nanaa mkononi, matuta ya mchanga yakigeuka rangi ya chungwa, nikasahau yote. Afadhali mlale bonde la Dades njiani. Mliochagua Essaouira, ule mji wa pwani, upepo wake mliuvumiliaje?