Desemba si ya magari tu
Kuna mwandishi kaandika kwamba sisi Wachagga tunakimbilia kwetu Kilimanjaro kila Krismasi ili kuringishiana magari. Wapo wa hivyo, sibishi, na barabara ya Rombo inawajua. Ila kwetu Marangu, tarehe 26, mbuzi akishachinjwa, mzee hutukalisha kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, hatua chache kutoka makaburi ya babu na bibi, kila mtu aeleze mwaka wake ulivyokwenda: nani kaachishwa kazi, nani anadaiwa, mtoto wa nani hajalipiwa ada. Safari hii mimi ndiye niliyeshuka kwenye basi mikono mitupu (nauli yenyewe nilikopa), na bado kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipotoka kwa mzee ilikuja kwangu. Nyie wenzetu, hesabu ya mwaka mnaifanyia wapi?