Ati kaacha akiwa nambari wani

Juzi stima ilirudi saa nne usiku, usingizi ushanikatika, nikaingia YouTube kutafuta video ya mkate wa sinia, na sijui nilipitia wapi manake nusu saa baadaye nilikuwa Cairo, Desemba 2014, fainali ya dunia ya skwoshi ya wanawake, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi. Raneem El Welily wa Misri na Nicol David wa Malaysia, wamefungiwa ndani ya kile chumba chao cha vioo kama samaki wa maonyesho, na watu nje wanapiga kelele kwa sababu Raneem yuko kwao.

Raneem anaongoza seti mbili kwa moja. Seti ya nne ni 10-6, seti inaisha kwa 11 (wakifungana 10-10 mpaka mmoja atangulie kwa mbili), yaani pointi moja tu awe bingwa wa dunia na nafasi anazo nne! Zote nne zikampotea. Nicol akachukua ile seti 14-12, akamalizia ya tano 11-5, akabeba ubingwa wake wa nane. Huyu Nicol alikaa nambari wani miezi 108 mfululizo, miaka tisa mizima, sa unaweza kusema kushindwa na mtu kama huyo si aibu. Lakini pointi nne jamani, na uko kwenu, mbele ya watu wako.

Mie ningerudi nyumbani nilale wiki. Mwenzangu Septemba 2015 akamng'oa Nicol kwenye hiyo nambari wani, akawa mwanamke Mwarabu wa kwanza kuongoza dunia katika mchezo wowote, 2017 akauchukua ubingwa wa dunia kule Manchester, halafu Juni 2020, ana miaka 31 na bado ndiye nambari wani, akasema basi, nimestaafu.

Asubuhi namsimulia kaka yangu tukinywa chai, hata sijamaliza akanidakia: "Si kaolewa? Ndo mwisho wake huo."

Hapo ndipo niliposhindwa kumeza mahamri. Kaolewa ndiyo, na Tarek Momen, naye mchezaji vilevile, bingwa wa dunia wa wanaume 2019. Lakini ule ubingwa wa Manchester Raneem kauchukua akiwa tayari mke wa mtu! Ndoa haikumtoa uwanjani, katoka siku aliyotaka mwenyewe. Kwetu mwanamke akiacha kitu hatuulizi, jibu tunalo tayari.

Mie nilikuwa nacheza netiboli shuleni, na si kujisifu, nilikuwa naruka. Nilipofika darasa la nane nikaambiwa ushakuwa mtu mzima sasa. Hakuna aliyenigombeza wala kunikataza kwa ukali. Siku moja nimerudi madrasa nikakuta raba zangu kapewa binamu, na mamangu anakuna nazi kama hakuna kilichotokea. Nami sikusema kitu. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, kwamba sikusema kitu.

Watu watasema skwoshi ni mchezo wa wenye pesa, na ni kweli, Lamu hii mie sijawahi kuona korti hata moja. Lakini fikiria, ni chumba chenye kuta nne, mita 9.75 kwa 6.4, ukifunga mlango mabinti wakacheza wenyewe na mitandio yao nani atawaona? Mabingwa ndo huwekwa kwenye vioo. Sisi watu wa nyumba za mawe, kuta ndo tulizo nazo kwa wingi kuliko kitu chochote. Na mchezo wenyewe unaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza 2028, Los Angeles, Nicol na Raneem washastaafu zamani, hawakuipata (hili nalo lina makala yake).

Binti ya dada yangu ana miaka kumi na moja na kila alasiri yuko kichochoroni na mpira wa tenisi na ubao aliochongewa na fundi jirani, anaupiga ukutani, unarudi, anaupiga. Punda akipita na mchanga inabidi ajibanze mlangoni, mpira unaviringika mpaka mtaroni. Jirani ashalalamika chokaa inabanduka. Nilimsimulia ile fainali yote, nikidhani atavutiwa na hayo ya kuwa nambari wani, wapi! Kaniuliza tu, "Mama mdogo, hizo nne zilimpotea vipi?"

Ikabidi nimpe simu atazame. Kaitazama seti ya nne mara mbili bila kusema neno, kanirudishia simu, kaokota ubao wake, na nikamsikia kule nje anahesabu kwa sauti, akianzia sita kwa kumi.