Hiace kuukuu ya mizigo Malindi: injini inasingiziwa

Ubishi wa vani kuukuu za mizigo hauishi Malindi. Upande mmoja wako wenye Hiace za umbo la zamani, zile zinazoitwa Shark, wanaoapa kwamba chuma cha Mjapani wa miaka ya tisini hakifi. Upande wa pili wako waliochoka kulipa mafundi, nao wanasema pesa zinazoishia gereji zingetosha kulipia mkopo wa gari la juzijuzi. Kila upande una ukweli wake, ila wote wanabishania injini, ilhali gari la pwani huuawa na kitu kingine.

Tuanze na hiyo injini. Hiace za kizazi hicho zilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 2004, na nyingi za mizigo zina dizeli za 2L, 3L au 5L, yaani lita 2.4, 2.8 na 3.0. Pampu ya dizeli ni ya kimakanika, kompyuta haina usemi mkubwa mle, na fundi aliyejifunzia kazi chini ya mwarobaini anaweza kuifungua na kuifunga. Maradhi yake yanajulikana kwa majina. La kwanza ni kuchemsha, na hapa Malindi lina chanzo chake: visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Rejeta ikipungua, dereva anajaza ya kisimani badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Chumvi na chokaa huganda kwenye mirija, hedi ya aluminiamu, kifuniko cha juu cha injini, ikaliwa polepole, na siku moja ya jua kali na mzigo mzito gasketi inaungua. Kwa 2L hata hedi yenyewe hupasuka. Injini nayo imefichwa chini ya viti vya mbele, kwa hivyo mpira wa maji uliochoka hauonekani mpaka mvuke uwapande waliokalia.

La pili huwapoteza mafundi wengi. Breki zinakuwa nzito, mtu anauziwa busta, kifaa kinachouongezea nguvu mguu wa breki, kisha masta silinda ya breki, na uzito uko palepale. Kwenye injini hizi pampu ya vakyumu inayoisaidia busta imefungwa nyuma ya alteneta. Ikichoka, breki zinakuwa nzito. Ikivuja, oili inaingia ndani ya alteneta na taa ya betri inaanza kuwaka. Kifaa kimoja, magonjwa mawili, na mwenye gari analipa mara tatu kwa sababu hakuna aliyeangalia huko nyuma.

Kisha mkanda wa taimingi, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Shida ni kwamba odometa za magari haya nyingi zilikufa zamani, na hakuna anayejua mkanda umeenda umbali gani. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Ukinunua vani kuukuu, badilisha mkanda wiki hiyohiyo, hata muuzaji akikuapia kwa Mungu.

Klachi, bushi, beringi za magurudumu na springi za nyuma ni matumizi ya kawaida, sina la kuongeza. Plagi za kupasha moto zikifa, mtu wa Malindi huenda asijue kwa miaka. Atakayejua ni yule aliyelala Limuru kwenye baridi na gari likagoma alfajiri.

Sasa upande wa gari la baadaye. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo anayeagiza Hiace ya dizeli kutoka Japani leo hapati tena injini ya lita 3.0 ya 1KD, bali ya lita 2.8 iliyoanza mwishoni mwa 2017, yenye filta ya masizi na tangi la urea ya kusafisha moshi. Filta hiyo hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Vani inayozunguka Malindi mjini, Mambrui na kurudi, ikisimama kila duka, haipati joto hilo, na filta inaziba. Hizo za 1KD ambazo tayari ziko barabarani nazo zina deni lake: washa za shaba chini ya injekta, vinyunyizio vya dizeli, zikivuja, masizi huingia kwenye oili, hukusanyika kwenye chujio la chini, na injini inakosa oili huku ikiwa imejaa oili. Injekta za shinikizo kubwa hazijaribiwi kwa macho. Wengi huzipeleka Mombasa, kilomita 120 hivi. Seti nzima ya injekta mpya halisi inaweza kuzidi bei ya kufungua injini ya zamani na kuirekebisha yote. Kwa hiyo wanaosema “nunua jipya upumzike” wanapumzika kwa muda tu.

Mpaka hapo mizani inamwelekea mwenye Shark. Lakini inama chini ya gari lake.

Hiace haina chasisi inayojitegemea kama lori. Reli zake, mihimili ya chuma ya chini, zimechomelewa pamoja na bodi, na zikiliwa na kutu huwezi kuiinua bodi ukaiweka kwenye chasisi nyingine. Upepo wa bahari peke yake unatosha kuanza kazi hiyo. Ongeza mzigo wa chumvi kutoka Gongoni au Marereni, au samaki wenye barafu inayoyeyuka na kupenya chini ya sakafu, halafu gari likalala halijaoshwa kwa maji matamu. Kutu huanzia matao ya magurudumu na vizingiti vya milango, sehemu zinazoonekana, na fundi wa rangi anazifunika kwa puti. Inayoua iko mahali pengine: pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, na kwenye mabomba ya breki ya chuma yanayopita ubavuni. Kuchomelea kipande cha bati juu ya reli iliyooza ni kama kushona kiraka kwenye kitambaa kilichochakaa. Kiraka kinabaki, kitambaa kinachanika pembeni yake.

Na hesabu ya pesa hukosewa kwa sababu watu huandika risiti, hawaandiki siku. Tuseme vani inamwachia mtu shilingi 3,000 kwa siku baada ya mafuta. Ikilala gereji siku 10 ikingoja spea kwa matengenezo ya 25,000, gharama si 25,000 bali 55,000. Mfanyabiashara wa aina hii ana haki ya kulalamika, ingawa mara nyingi kosa ni kungoja kifaa kiharibike kwanza ndipo spea itafutwe. Mkopo nao haungoji: tuseme ni 40,000 kwa mwezi, basi ni 480,000 kwa mwaka, mvua ikate barabara ya Lamu au watalii wasije. Kwa upande mwingine, kampuni nyingi za bima hukataa bima kamili kwa gari la umri huo, hivyo moto au ajali ikitokea, vani imekwenda na mtaji wote. Wenye Shark hulitaja hili kwa nadra.

Uamuzi wangu unategemea mzigo na reli. Anayebeba soda, mboga au vifaa vya ujenzi kati ya Malindi, Gede na Watamu, na reli za gari lake ni nzima, abaki na ya zamani: kulanti, mkanda, pampu ya vakyumu, na maji matamu chini ya gari kila wiki. Anayebeba samaki au chumvi kwenda Mombasa kila siku, vani yenye sakafu iliyoanza kutoboka itamsaliti, hata injini ikinguruma vizuri namna gani. Kabla ya kulipia matengenezo yoyote makubwa, chukua bisibisi ugonge reli karibu na springi za nyuma. Ikiingia, usitie pesa kwenye hedi. Ing'oe 5L na gia boksi yake uiuze peke yake, kwa maana pikapu za Hilux bado zinaitaka, na mabaki uyauze kwa kilo.